Bonde Lisilo Lake

Asteria Mgaya alikuwa mchora vibao wa Makambako. Kama umewahi kupita karibu na stendi ukaona kichwa cha ng'ombe chenye macho ya huruma juu ya mlango wa bucha, kazi yake umeiona. Wenye saluni, gereji, maduka ya dawa za mifugo, wote walikuwa wateja wake. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo.

Ya moyo aliifanya asubuhi, kabla hajafungua kibanda. Alipanda pikipiki yake, akatoka nje ya mji, akatafuta mahali pa kukaa, akachora picha moja ndogo kwenye kipande cha ubao alichookota kwenye mashine za mbao. Kilima, kona ya barabara, au miti ya miwati iliyozama kwenye ukungu mpaka shingoni. Akimaliza aliitia kisandukuni ikauke, akarudi mjini. Mvua ikinyesha alichora chini ya turubai. Alichora hata asubuhi ya maziko ya mumewe, na shemeji zake hawajamsamehe mpaka leo.

Kiangazi kimoja alilipenda bonde fulani upande wa Kichiwa. Kila akilichora aliona amelikosea, na kesho yake akarudi palepale, juu ya kilima, kisanduku magotini.

Hakujua kwamba huko chini watu hawalali. Parachichi lilikuwa limepandisha thamani ya ardhi, wanunuzi wanaingia na magari, na watu wanaamka wakikuta vigingi vyeupe vya wapima ardhi vimesimikwa katikati ya viazi vyao. Yusto, kijana wa bonde lile, alikuwa amegundua kwamba baba yake mdogo ameuza shamba la marehemu baba yake bila kumwambia mtu. Na kila asubuhi Yusto alimwona mwanamke juu ya kilima, anafumba jicho moja, ananyoosha mkono wenye kijiti, anasogeza dole gumba juu yake, kisha anainama na kuandika.

Siku moja alipanda na shemeji yake, Bonaventura. Sakitu, barafu ya alfajiri, ilikuwa imeyaunguza majani ya viazi, baridi inakata masikio.

"Mama, unapima nini?"

"Habari za asubuhi, baba. Sipimi. Nachora."

"Unachora nini?"

"Bonde hilo."

"Bonde la nani?"

Asteria alilitazama bonde. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza kilima anachokichora ni cha nani. "Nachora tu linavyoonekana."

"Na huo mkono unaounyoosha?"

"Naangalia urefu wa mlima, nisiukosee."

Yusto alimgeukia shemeji yake. "Umesikia mwenyewe. Anapima urefu."

Bonaventura alikipiga kisanduku teke, rangi zikamwagika kwenye nyasi. Asteria aliinama kuokoa picha, na fimbo ikamshukia kwenye kifundo cha mkono. Alisikia mfupa ukilia kabla hajasikia maumivu. Ya pili ikampata mbavuni. Yusto alimshika nywele akaanza kumburuta kuteremka kilima, huku akifoka, "Sema nani amekutuma! Sema!"

Mkono wa Asteria ambao haukuumia ulikuwa bado umeshika kisu cha kuchanganyia rangi, chembamba, kisichoweza hata kumenya kiazi. Alikisukuma juu bila kuangalia. Kikaingia kwenye jicho la Yusto.

Yusto alipiga ukelele akaanguka. Bonaventura alipoona damu alitupa fimbo akakimbia.

Hapo Asteria angeweza kuondoka. Pikipiki ilikuwa palepale. Badala yake aliokota jiwe, akapiga magoti, akampiga Yusto. Alimpiga kwenye mkono aliojifunikia uso, kwenye vidole, na vidole vilipoachia, kichwani. Alisikia mtu anatukana kwa Kibena, matusi ambayo hata baba yake alipolewa hakuyatamka, akashangaa ni nani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Na mwili wake wote ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyetua mzigo.

Mama yake Yusto, Idda, alikuwa akivuna viazi chini. Alipanda kilima mbio, khanga imemdondoka, akajitupa juu ya mwanawe.

"Nipige mimi! Mimi ndiye niliyemzaa, nipige mimi!"

Jiwe lilikuwa tayari limeinuliwa. Asteria aliona kisogo cha yule mama, mvi zilizosukwa mistari. Akaliacha jiwe lianguke nyuma yake.

Watu walikuja kutoka kila upande, filimbi zinalia. Waliichoma moto pikipiki, wakamkokota Asteria kuelekea kwenye moto uleule. Mwenyekiti wa kitongoji, Joackim, alimpokonya mikononi mwao, akamfungia ndani kwake. Madirisha yote ya nyumba ile yalivunjwa kwa mawe kabla polisi hawajafika kutoka Njombe.

Yusto alipona, lakini jicho liliondolewa. Mbavu za Asteria ziliunga. Kifundo kiliunga kwa kupinda. Mahakamani hakimu alisema Asteria alijitetea, na Bonaventura akafungwa. Jiwe halikutajwa. Yusto hakukumbuka kitu, Bonaventura alikuwa ameshakimbia, na Idda alipoulizwa alijibu, "Nilifika nikamkuta mwanangu chini." Basi.

Mvua zilipoanza, Asteria alirudi kwenye kilima kile kwa miguu. Bonde lilikuwa kijani, na miche ya parachichi imepangwa mistari palipokuwa na viazi. Hajafungua kisanduku, Idda akatokea, jembe begani. Asteria alisimama.

"Kaa. Sikuja kupigana," Idda alisema, ingawa mwenyewe hakukaa. "Ningesema la jiwe, wangeniuliza na Yusto alikufanya nini, wamfunge naye. Ndiyo maana nilinyamaza. Sikukuonea huruma wewe."

"Najua, mama."

"Yusto hatatoka nje ukiwa hapa. Akimwona mtu yeyote juu ya kilima anajifungia. Shamba wamelichukua, jicho limekwenda. Mlango wake angalau aufungue." Alitazama bonde, kisha kisanduku. "Nenda kachore kwingine."

Asteria alimwinamishia kichwa. Alibeba kisanduku akaondoka.

Siku hizi anachora upande wa pili wa Makambako, mahali pana jabali la kuegemea, mtu asiweze kumtokea nyuma. Ameacha kunyoosha mkono. Milima anaikadiria kwa macho, na mara nyingi anaikosea. Panga liko kando ya kikopo cha brashi. Akisikia nyayo anaweka brashi chini, anashika mpini, anasubiri.

"Kamwene," mpita njia anasalimia, mzigo wa kuni kichwani.

"Kamwene," anaitikia, mkono bado uko kwenye mpini, mpaka nyayo zipotee. Kisha anafuta jasho la kiganja kwenye sketi na kuendelea na picha.