Ile "chemchemi" chini ya dam ya tajiri karibu inimalizie mama

Wakuu, niaje. Kwa muda mrefu nimekuwa hapa msomaji tu, lakini hii nikizidi kukaa nayo itanipasua. Nitaandika nilichoona kwa macho yangu, na pale nilipokosea mimi mwenyewe pia nitasema.

Mimi ni fundi wa bomba. Naishi mjini, mtaa wa Section 58, kazi nyingi napata kwa nyumba mpya za Lanet.

Mama yangu ni mjane, anaishi upande wa Njoro kwa shamba ndogo ya viazi na ng'ombe wawili. Juu ya shamba lake kuna tajiri analima mboga za export. Nitamwita Bosi.

Miaka kadhaa iliyopita Bosi alizuia kijito kwa ukuta wa udongo, akapata dam ya ku-irrigate. Hakuna engineer aliyekanyaga pale. Ni tractor yake na driver wake, basi. Kila kiangazi akiona maji hayatoshi, anaongeza udongo juu na ukuta unarefuka.

Sasa Januari, jua limewaka vibaya, chini kabisa ya ule ukuta kukatokea chemchemi.

Wakuu, furaha iliyokuwa pale! Maji safi, tena baridi. Kina mama waliokuwa wakitembea mbali na mitungi wakawa wanachota karibu na mlango. Mama yangu alichukua jembe akapanua shimo ili ndoo iingie. Bosi naye akaleta kipande cha bomba, akakichomeka, akapigwa picha. Ikapostiwa kwa WhatsApp group ya kijiji: "Bosi ametukumbuka." Jumapili akaombewa kanisani.

Hata mimi nilienda, nikanywa, nikasifu. Fundi wa bomba mzima! Nimezaliwa pale, nimechunga ng'ombe pale, na sijawahi kuona chemchemi hapo. Badala ya kujiuliza maji yametoka wapi, nilijaza mtungi nikabeba hadi mjini. Hiyo aibu ni yangu.

Mvua ya Aprili ilipoanza nikarudi. Maji yalikuwa yameongezeka na yamegeuka rangi ya chai. Nikachota ndoo moja, nikaiacha itulie. Chini kukabaki tope laini, unene wa kidole.

Hapo nikaelewa. Maji yakipenya ukuta yakiwa safi, bado una muda. Yakianza kuleta udongo, ujue yanakula ukuta kutoka ndani. Miezi yote hiyo tulikuwa tunachota dam yenyewe, na kuipanulia njia kwa jembe.

Nikamwendea Bosi, nikamweleza kwa heshima.

"Kijana, wewe ni engineer?"

"Hapana mzee, mimi ni fundi wa bomba."

Akacheka mpaka akashika mlango wa pick-up. "Basi rudi ukazibe sinki. Hiyo ni mvua tu."

Nikaenda ofisi moja inayohusika na mambo ya maji. Afisa akatafuta kwa kompyuta, akaniambia dam hiyo haiko kwa register. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja.

"Ndugu, hatuwezi kukagua dam ambayo haiko."

Nikamwonyesha kwa simu video ya yale maji ya tope. Akauliza, "Imepasuka?" Nikasema bado. "Basi andika barua."

Nilitoka pale na hasira. Mtu amekalia kiti cha umma, anaona ukuta unaoza juu ya nyumba za watu, na shida yake ni barua!

Nikamwambia mama ahame, naye akakataa. "Umezoea maji ya mita, sasa ya Mungu yanakuogopesha."

Nikaona maneno hayasaidii. Nikafungua ng'ombe wake wote wawili, nikawapeleka kwa shangazi yangu, juu ya kilima. Mama alinitukana njia nzima, lakini alikuja nyuma yao, kwa sababu hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kuwakamua. Jirani yake, Mama Chebet, alikuwa amenicheka wiki nzima. Alipoona ng'ombe wa mama wanapita, alifunga nyumba, akachukua watoto na kufuata. Huku kwetu mtu anaweza kuhama kwa wazimu wake, lakini ng'ombe wakihamishwa watu wanajua mambo ni serious.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, ukuta ulikatika pale pale penye bomba. Nyumba zilizokuwa kwa njia ya maji ni hizo mbili tu, na zote zilienda. Jikoni, viazi, choo, mti wa parachichi aliopanda marehemu baba. Hakuna aliyekufa, na asante hiyo wapewe ng'ombe, si ofisi yoyote.

Mnadhani Bosi aliomba msamaha? Kwa baraza ya chief alisimama akasema dam yake iliharibiwa na mama yangu na jembe lake.

Mama akainuka polepole, amevaa gumboots za kuazima.

"Ni kweli nilichimba, nikidhani ni maji ya ardhi. Wewe ulikuja ukaangalia, ukaona ni ukuta wako unavuja, ukaniwekea bomba. Kijana wangu aliponiambia nihame, sikumwamini. Wewe ungeniambia, mzee, ningekuamini."

Bosi akaangalia simu yake. Chief akasema tusonge mbele kwa amani. Leo naandika hivi, tractor iko pale pale inarudisha udongo, na mama anataka kurudi kujenga, kwa sababu hana shamba lingine.

Nilichojifunza: kama kwenu kuna dam ya udongo huko juu, nenda utembee chini ya ukuta wake. Ukiona maji mahali hayajawahi kuwa, usichimbe, na usimpigie mtu makofi. Yakibadilika rangi, toa watu kwanza, barua itaandikwa baadaye.

Mlio na dam kama hii kwenu, semeni hapa mmeona nini na mlimwambia nani.

Na yule atakayekuja kunifundisha kuheshimu investor, kwanza ajenge jikoni ya mamake pale chini ya ukuta, ampeleke, amwache hapo. Halafu aje tuongee.