Vigawo vya Arobaini na Nane

Mimi ni mtoto wa mkulima wa Rudewa. Nilipopangiwa kufundisha hisabati darasa la tano karibu na nyumbani, nilikuta watoto wa wakulima wamekaa upande wa madirisha, wa wafugaji upande wa ukuta.

Siku ya vigawo nilimtaka kila mtoto ataje idadi ya kitu cha kwao, tuitafutie namba zinazoigawa bila kubakiza. Mmoja akataja migomba, mwingine kuku. Binti mmoja wa wafugaji, mwepesi wa hesabu kuliko wote, alinyamaza. Nilijua fika kwamba kwao ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu. Hata hivyo nikamkazia macho.

"Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

"Arobaini na nane, mwalimu," akajibu kwa sauti ndogo.

Nikaandika ubaoni: mbili mara ishirini na nne, tatu mara kumi na sita, nne mara kumi na mbili, sita mara nane.

"Nyumba zetu sita, ng'ombe nane nane!" akapaza sauti mtoto wa dirishani, na upande wake wote ukaangua kicheko. Binti aliinamisha kichwa. Nilifuta ubao, lakini nilikuwa nimechelewa.

Kesho yake baba yake alisimama mlangoni na fimbo mkononi, binti nyuma yake bila begi.

"Shikamoo, baba."

Sijawahi kusubiri itikio kwa muda mrefu namna ile.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Naambiwa umewagawa ng'ombe wangu. Sasa kila mtu anajua ninao wangapi. Mtoto ataaga wenzake, akachunge. Huko haulizwi kitu."

Nilitaka kumwambia zilikuwa hesabu tu, lakini isingekuwa kweli. Msimu uliopita ng'ombe waliingia shambani kwa baba yangu wakaacha mabua. Tangu hapo nilikuwa nawashwa kujua mzee huyu ana ng'ombe wangapi, na nikamtumia mwanawe kunijibia. Nikayasema hayo mbele ya darasa zima, aibu ikinichoma.

"Kosa ni langu, baba. Mwache asome."

"Walioingia kwa baba yako hawakuwa wangu," alisema. Mpaka leo sijui kama nimwamini.

Binti alipita kati yetu, akachukua chaki, akaandika 47. Akawageukia wa dirishani. "Haya, gaweni."

Wakajaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Kila mara ilibaki. Kicheko cha jana hakikusikika.

"Hakuna anayeweza?" baba akaniuliza.

"Hakuna, baba. Ni namba tasa. Inagawika kwa moja na kwa yenyewe tu."

Alimtazama mwanawe, akaondoka bila kuaga. Saa nne begi likaletwa.

Binti yumo darasani hadi sasa, na bado anaongoza. Lakini kila nikimwuliza cha kwao, ndoo za maji, mayai, hata watu wa nyumbani, hunipa namba tasa: saba, kumi na tatu, ishirini na tisa. Nampa vema, kwa sababu hesabu yake iko sahihi. Namba inayogawika hajanipa tena.