Kuilaza Pijo ya Harusi

Niliacha shule mapema, nikawa mtu wa kuhama kazi kila nilipoona kitu nisichojua kinavyofanya kazi. Ndivyo nilivyojikuta kwenye gereji moja Mkuza, nikikata springi za Pijo ya zamani kwa grenda.

Mwenye Pijo alikuwa anaoa. Alitaka kuingia kwao Kisarawe akiwa kwenye usukani, mkewe ndani, gari limelala hadi matairi yamezama kwenye bodi. Fundi alipunguza kidogo.

“Mbona bado inasimama kama trekta? Shusha, fundi!”

Tukashusha tena. Ikapendeza kweli. Ila tuliipima ikiwa tupu. Hakuna aliyekumbuka kwamba bibi harusi haendi peke yake. Pale Sofu, nyumbani kwao, alipanda na somo yake aliyemfunda, mama mmoja mnene asiyebishiwa, pamoja na shangazi wawili na sanduku. Mimi nilifuata na bodaboda, nimepakata jeki.

Kila tuta shangazi walishuka, wakapiga vigelegele, wakapanda. Karibu na kwa kina bwana harusi kulikuwa na tuta ambalo wakazi walilijenga wenyewe kuwakomoa bodaboda, na baba yake ndiye aliyelisimamia. Hapo walishuka shangazi, somo na sanduku, na bado tumbo la gari likakwaruza.

“Mke wangu ashuke, ni hapa tu,” bwana harusi aliomba.

“Mwanangu hakanyagi chini mpaka kwa mumewe,” somo akasema.

“Mume si ndiye mimi, bi mkubwa?”

“Basi shuka wewe. Wewe hujakatazwa kukanyaga.”

Akashuka. Bibi harusi akapenya kati ya viti hadi kwenye usukani, shela kaikunja begani. Ujuzi wake wote ulikuwa wa bajaji ya kaka yake.

“Breki ya katikati!” mumewe alipiga kelele.

Pijo ikalipanda tuta taratibu kama kenge, ikavuka, ikaendelea.

“Simama!”

“Nikisimama mtapanda!” akajibu dirishani, akashuka nayo mteremko.

Tulipofika, wenzangu wakihema kwa kukimbia, alikuwa uani kwa wakwe zake, bado kashika usukani, wanawake wanamshangilia. Mama mkwe alikuwa anachungulia kiti cha nyuma, anamtafuta mwanawe.

Bwana harusi akasogea dirishani, kanzu vumbi tupu. “Nilitaka tuingie pamoja.”

“Sasa si upande? Mlangoni bado hatujafika.”

Akazunguka, akakaa upande wa abiria. Pijo ikaketi mchangani, ikagoma. Tukaisukuma hadi mlangoni na wao wawili ndani, mke akikata kona, mume akipungia watu mkono.