Siku Niliyomshika Wangeci Mkono Uwanjani

Sipendi kuisimulia hii, na mkiniona nimenyamaza watu wakianza habari za riadha mjue si kiburi, ni aibu, maana uwanja mzima pale Nyeri ulinitazama nikimharibia mke wangu maisha kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna aliyenituma.

Wangeci ndiye mkimbiaji. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Vihiga niliyeletwa Mweiga na uhamisho nikaoa hapo hapo, na mbio zangu za mwisho zilikuwa za kuwahi gwaride la shule. Yeye kila asubuhi alipeleka maziwa kituoni na kurudi mbio na mtungi mtupu, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Mwaka jana tukasikia kikosi kimoja cha serikali kinatafuta wanariadha, wanawake watatu wa mita elfu kumi, na ukichukuliwa umeajiriwa, una mshahara, una bima, una kila kitu. Mwisho wa umri ulikuwa miaka ishirini na minane, na hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Ilikuwa mwaka ule au basi.

Ningekaa kimya nikapika chai, leo angekuwa amevaa sare. Lakini mimi si nimesoma? Nikaona kwenye simu kwamba siku hizi watu hawafanyi mazoezi kwa kukisia, wanafuata mapigo ya moyo: unatoa umri wako kwenye mia mbili na ishirini, unapata kilele chako, halafu siku nyingi unakimbia polepole, chini ya robo tatu ya kilele hicho, ndiyo ujenge pumzi ya kwenda mbali. (Msiilaumu elimu hiyo, ina maana yake, mlaumuni mwalimu.) Nikapiga hesabu, nikapata asipite mia moja arobaini na nne. Nikanunua saa ya mtumba ya kupima mapigo, ile yenye taa ya kijani mgongoni, nikaiunganisha na simu yangu, nikaijaribu mkononi mwangu nikiwa nimekaa nasahihisha madaftari, ikasoma sabini na mbili. Nikaiamini kuliko ndugu.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na baridi ile ya huku kwetu ya kung'ata masikio. Wangeci akaivaa, akaivua.

"Baba Imani, hii kitu ni baridi kama barafu. Na mkono ya sweta inaisukuma."

"Vaa juu ya sweta."

"Si inafaa iguse ngozi?"

"Itasoma tu. Nani amesoma maagizo hapa, ni mimi ama ni wewe?"

Maagizo sikuwa nimeyasoma, yalikuwa kwa Kichina.

Basi akavaa juu ya sweta, akaanza kukimbia, mimi nyuma na baiskeli, simu mkononi, na simu ikasema mia moja sabini na sita. Nikapiga kelele, "Punguza!" Akapunguza. Mia moja sabini na tano. Akapunguza tena hadi akawa anakimbia kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka, na bado mia moja sabini na kitu. Kupanda mlima, hiyo hiyo. Kushuka, hiyo hiyo. (Mtu mwenye akili angejiuliza ni moyo gani huo usiojua mlima na mteremko, lakini mimi akili nilikuwa nimezimwagia mtoni.) Akitembea tu, ikashuka. Nikaamua mke wangu ana ugonjwa wa moyo.

Mnaona jambo lilivyokuwa likikua? Nikamkataza chai, nimesikia inachochea mapigo, Wangeci aliyelelewa na chai ya maziwa tangu aachishwe kunyonya. Miezi miwili nikamtembeza barabarani kama mgonjwa, wenye ng'ombe wakitupita na mitungi yao na kutuuliza kama kuna msiba. Alipolalamika kwamba hajisikii mgonjwa, kwamba mwili unataka kukimbia, nikamwambia hivyo ndivyo wagonjwa wa moyo wanavyosema. Tena nikaenda kumwambia mama yake, na mama yake akapeleka kanisani, na Jumapili akina mama wakamzunguka Wangeci mbele ya madhabahu wakamwekea mikono kifuani. Wiki hiyo mama mkwe akafunga siku tatu. Hospitali hatukwenda, kwani saa si ilikuwa imeshasema?

Siku ya mchujo ilikuwa Julai, manyunyu na ukungu, na Wangeci aliomba jambo moja tu, nimwache akimbie. Nikakubali, ila avae saa. Akaivaa pale pale, juu ya sweta ile ile nyembamba ya mazoezi.

Mizunguko ni ishirini na tano. Alianza nyuma, akapita mmoja, akapita wengine, na kila alipopita karibu yangu simu ilishika namba: mia moja themanini, themanini na tatu, themanini na tano. Ilipobaki mizunguko miwili alikuwa wa pili. Wa pili! Watu wa Mweiga waliokuja wamepanda juu ya viti, mama mkwe analia kwa furaha, na mimi natazama simu imeandika mia moja tisini, nikamwona mke wangu ameanguka, nikaona jeneza, nikamwona Imani wetu ana miaka sita na hana mama. Nikaruka kamba, nikaingia uwanjani, nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote.

"Simama! Utakufa!"

"Niachilie! Baba Imani, niachilie!"

Nilipomwachilia, wanne walikuwa wameshapita. Akaondoka pale kama aliyechomwa, akamla mmoja, akamla wa pili, na kwenye mstari akamkosa wa tatu kwa urefu wa mkono. Wa nne. Walichukua watatu.

Muuguzi wa uwanjani, mama mmoja mpole, akaja mbio kwa sababu nilikuwa nimepiga kelele za kifo. Akakunja sweta ya Wangeci, akaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, akatazama saa yake mwenyewe ya mshale.

"Huyu ametoka kukimbia na moyo tayari inashuka vizuri. Ni moyo ya punda hii. Nani alisema iko na shida?"

Nikamwonyesha simu. Akatazama simu, akatazama ile saa juu ya sweta, akanitazama mimi kwa huruma ambayo sitaisahau.

"Mwalimu, hapa haioni ngozi. Inashika mtikisiko ya miguu. Umekuwa ukihesabu hatua zake."

Watu walikuwa wamejaa pale. Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Mama mkwe hakucheka, alisogea karibu akaniuliza taratibu, "Mwarimu, kwani hizo siku zote tumekuwa tukiombea miguu?"

Nyumbani Wangeci aliingia mbele yangu. Alivua saa, akaiweka mezani, akasema, "Mimi nilikuuliza juu ya ngozi." Hajawahi kulitaja tena, na ningefurahi kama angenitukana.

Nimeapa sitamwambia tena mtu mwili wake unasema nini kabla sijamsikiliza mwenyewe. Kiapo kizuri, lakini Wangeci sasa ana miaka ishirini na tisa na kiapo hakina pa kumpeleka. Bado anapeleka maziwa na kurudi mbio. Jana aliingia jikoni akihema, mvuke unamtoka mabegani, nami nikanyoosha mkono nimshike nihesabu, vidole viwili tu, kitu ambacho ningeweza kukifanya asubuhi ya kwanza. Akauingiza mkono wake mfukoni mwa sweta, akauliza kama chai imechemka.