Paka wa Mama Ahamia Rasbura

Mama alikubali kuhamia kwangu Rasbura kwa sharti moja: paka wake naye aje. Nilikubali upesi, maana nilikuwa nikimbembeleza tangu alipoteleza kisimani kule Kiranjeranje akaumia nyonga. Kila nikimpigia simu alijibu hajambo, huku namsikia akiguna. Paka sikuwahi kuwapenda, lakini kwa ajili ya mama ningekaribisha hata fisi.

Walishuka kwenye basi pamoja, mama na mkongojo wake, paka ndani ya tenga lililofunikwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usifunue! Asije akaona njia."

Kwetu paka anayehamishwa haonyeshwi njia, la sivyo atarudi alikotoka. Akifika hupakwa mafuta miguuni, na mpaka amalize kujilamba, ameshaizoea nyumba. Mama alinieleza hayo tukiwa njiani, na tulipofika, kabla hata hajakaa, akaongeza jambo lililonikata maini.

"Huyu ndiye mwenzangu. Akikataa kukaa hapa, na mimi sikai."

Furushi lake la nguo akaliegemeza mlangoni, halijafunguliwa. Nikajua kazi yangu ni kumbakiza paka ili nimbakize mama.

Nilianza vibaya. Mafuta ya nazi yalikuwa yameisha, nikachukua yaliyobaki kwenye kikaango nilichokaangia samaki asubuhi, nikampaka paka miguu yote kwa ukarimu mkubwa. Akajilamba kidogo, akanitazama kwa dharau, akajichimbia nyuma ya friji. Haikupita muda, paka wa mtaa mzima wakawa barazani kwangu wanalia. Mama alicheka mpaka akashika nyonga.

"Mwenzangu umemkaribisha au umemtangaza?"

Sikukoma. Nilimvuta kutoka nyuma ya friji nikamkalisha kwenye kochi. Nilimletea dagaa, nikamletea maziwa, nikamwimbia. Akanikwaruza mkono. Na mama naye nilikuwa namfanyia vilevile, nikikumbuka najicheka: njoo sebuleni mama, tazama tamthilia, acha kuchambua mchele, kaa hapa pana mto. Naye ananiitikia vizuri, kisha anarudi uani kwenye kigoda chake.

Alipoona plasta mkononi mwangu ndipo akanionea huruma.

"Paka havutwi, mwanangu. Muwekee chakula na maji pahala palepale kila siku. Sanduku lake la mchanga liweke mbali na chakula, yule ni msafi kuliko wewe. Halafu kaa chini ufanye shughuli zako. Usimkodolee macho, atadhani unataka ugomvi. Akikutazama akafumba macho taratibu, nawe fumba. Hapo amekusalimu."

Basi nikawa nakaa sakafuni jikoni kumenya muhogo, najifanya sina habari na friji. Ilikuwa kazi kwelikweli, maana mimi mtu wa kuulizauliza. Zilianza kutoka sharubu, siku nyingine kichwa, mpaka akaja kunusa maganda na kusugua shavu lake gotini kwangu. Nilifurahi kama mtoto aliyevaa nguo mpya ya Idi, nikaogopa hata kupumua.

Lakini paka hafungiwi ndani maisha. Asubuhi moja mama akafungua mlango wa uani. Paka akatoka, akapanda ukuta, akatazama huku na huku, akarukia upande wa pili. Mama akakaa kigodani macho yapo ukutani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye furushi. Maneno yote ya kubembeleza yalinijaa mdomoni, nikayameza, nikachukua ungo nikakaa kando yake. Tukachambua mchele.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, paka alirudi na mjusi mdomoni. Akampita mama, akaja kumtua miguuni pangu. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikamtazama, nikafumba macho taratibu. Naye akafumba, kisha akaingia ndani akajinyoosha katikati ya msala wa mama.

Mama alimsogeza kidogo akaswali pembeni yake. Alipomaliza, akaniita.

"Hivi hilo kabati lako lina nafasi? Nguo zangu zinakunjamana humu kwenye furushi."