Bajeti ya Vifungo Vitatu

Chekeni, wenzangu, mimi mwenyewe nimeshacheka. Hapa Zinga tuna darasa la watu wazima la kutunza fedha, na Mzee Shomari, baba yake Mwanaidi ninayemposa, huketi mbele yangu. Alishaniambia wazi: "Mwanangu haendi kwa mtu asiyejua kushika shilingi."

Juma lililopita mwalimu akasema, "Ijumaa kila mtu aje na bajeti yake. Isibane mno, wala isipwaye."

Masikio yangu yakasikia jaketi. Furaha iliyonipata! Nikaenda mbio Bagamoyo mjini na akiba yangu yote ya mahari, fundi akanishonea moja la rangi ya maziwa, vifungo vitatu.

Ijumaa nikaingia kifua mbele. Wenzangu wote wameshika vikaratasi. Nikawaonea huruma, maskini, hawana hata koti!

"Leo umejitayarisha haswa," mwalimu akaniambia. "Haya, simama utuonyeshe. Fedha zako umezipangaje?"

"Zote ziko hapa, mwalimu," nikajibu, nikageuka taratibu ili waone na mgongo.

Mzee Shomari akavua kofia. "Mwalimu," akasema, "huyu amevaa mahari ya mwanangu."