Askari wa Udongo

Harufu ya plastiki mpya hunichefua. Juzi hapo Majengo mjukuu wangu aling'ang'ania mdoli askari, kifua kimetuna, mikono inazunguka begani. Muuzaji akamsifia kama anauza fahali. Nilinunua, lakini moyoni nikatema mate.

Mdoli wa kwanza wa aina hiyo kumwona, wenzangu, alikuwa wa Ambwene, mtoto wa Katibu Kata aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya. Watu ndiyo kwanza wamerundikwa katika kijiji cha ujamaa, wengi kwenye vibanda vya nyasi. Sisi tulibahatika, nyumba ya tofali za kuchoma aliyoiacha marehemu baba ilikuwa palepale kijiji kilipowekwa. Tulimfuata Ambwene kama vifaranga, kisa mkono wa plastiki unapanda na kushuka. Upuuzi mtupu.

"Usiguse, una mikono ya ugali!" aliniambia.

Mama alikuwa mfinyanzi. Nikachukua udongo wake, nikafinyanga askari wangu, usoni nikabonyeza punje mbili za ulezi. Mama akamchoma pamoja na vyungu. Punje zikaungua, yakabaki matundu ya macho. Mabegani nikapitisha uzi wa katani, na mkono ukapanda, ukashuka.

"Wako katoka mtoni!" Ambwene alicheka. Jioni akaondoka naye kimyakimya, mwizi yule.

Wiki haikuisha, akashikwa na homa. Baba yake akamkuta askari wangu chini ya godoro. Mnajua nchi nzima inavyotusema Wafipa kwa uchawi. Mkutano ukaitishwa.

"Ni mdoli wa mtoto tu, Ndugu Katibu," mama alisema.

Akadakia Kalisto, balozi wetu wa nyumba kumi: "Mdoli gani ana kamba mabegani? Hapo kafungwa mtoto wa watu!"

Ambwene, keshapona, alisimama ubavuni mwa baba yake akitazama vidole vya miguu. Neno moja tu, kwamba alimwiba, lingetosha. Mama akafukuzwa kijijini, tukaenda Mwazye kwa wajomba, vyungu kichwani.

Miaka mingi nilikilaani kidongo kile, nikiamini kweli kiliwatisha watu wazima. Ukubwani ndipo akili ikanijia. Majivu ya jikoni kwetu hayajapoa, Kalisto alishahamia humo na mkewe, Katibu kamkabidhi nyumba yetu kwa mkono wake.

Anayeogopa uchawi halali kwenye kitanda cha mchawi.